Mstari wa Nne

Jumanne, 7 Oktoba 1997

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama hakisomi. Yeye husoma Biblia ya Kimeru tu, na daftari hili litakaa kwenye droo ya cherehani yangu, chini ya mikebe ya vifungo, mahali asipokuwa na shughuli napo.

Baba alianguka shambani mwanzoni mwa mwezi uliopita, jembe likiwa mkononi. Upande wake wa kulia umekufa na maneno yamemwishia. Kilichobaki kizima ni mkono wa kushoto. Hospitali ya mjini walikaa naye siku tisa wakaturudishia. Kwa miaka thelathini na minne yeye ndiye aliyecheza kinanda cha kukanyaga cha kanisa letu hapa Kibirichia, na hakuna mwingine aliyebaki hapa anayekijua. Jumapili Mchungaji Nyaga alitangaza kwamba Krismasi ikifika bila mchezaji, kinanda kitawekwa stoo. Stoo yenyewe inavuja. Hapo hapo Mama akasimama mbele ya watu wote akasema, "Gatakaa atajifunza."

Mimi, mwenye miaka thelathini na minane na oda za yunifomu zimejaa mpaka dirishani! Nilipokuwa msichana nilimwomba Baba anifundishe, akaniambia kiti kile si cha msichana. Akamfundisha kaka yangu Munene, ambaye sasa anafunga miraa mjini Maua na hajagusa kinanda miaka kumi na mitano. Nimekubali, lakini nimekubali kwa hasira, na sioni haya kuliandika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya kwanza. Miguu yangu inajua cherehani, ambako nyayo zote mbili hukanyaga bamba moja. Kinanda kina pedali mbili za kukanyagwa kwa zamu. Nilikanyaga zote pamoja kama kawaida yangu, kikakohoa kama ng'ombe mgonjwa. Mchungaji, ambaye nyumba yake imepakana na kanisa, akachungulia dirishani.

"Dada Gatakaa, hiyo si nguo unashona."

Yeye ni mtu wa Embu na Kimeru chetu kinamtoa jasho, kwa hiyo tunasemezana Kiswahili. Nilimwambia aombe badala ya kuchungulia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Miguu. Miguu tu, saa nzima.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepata daftari la Baba la mazoezi, lile alilotumia kwa wanafunzi wake. Jalada limekatika, karatasi zina harufu ya moshi. Ndani ameandika nyimbo kwa do, re, mi, na mbele kabisa kuna maagizo ambayo ni sauti yake tupu. Usicheze wimbo, cheza mstari. Anza na mahali pagumu. Mkono wa kushoto kwanza. Cheza polepole mpaka kosa likose nafasi ya kuingia. Ukicheza mstari sawasawa mara tatu mfululizo, ni wako. Ukikosea mara tatu mfululizo, kosa nalo ni lako. Ondoka kwenye kiti ukiwa bado unataka kukaa.

Wimbo ninaotakiwa kuujua kwanza ni wa kuagana, ule alioutunga mwenyewe kabla sijaanza shule, tunaouimba kila Jumapili tukitoka. Watu huuita wimbo wa Riungu, kwa jina lake. Una mistari minne na beti tatu. Mistari mitatu imeandikwa vizuri kwa wino katikati ya daftari. Wa nne uko kwenye karatasi iliyopachikwa mwishoni, herufi kubwa za bluu zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nadhani ni kazi ya mwanafunzi wake fulani.

Kwa ajili ya kuhesabu nimebeba mkebe wa vifungo. Kila nikimaliza mstari, natupa kifungo kimoja kwenye kifuniko.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua imeanza. Redio inasema ni Elinino na itaharibu nchi. Nimetafuta penseli yangu ya bluu ya kuchorea makola nikaikosa tena. Tangu mwezi uliopita siioni.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua haijapumua siku nne. Viazi vyote vya upande wa mto vimelala chini.

Nimerudi kutoka kanisani nikamkuta Mama amekaa kando ya kitanda cha Baba akiutazama ule mkono wa kushoto. Ulikuwa juu ya blanketi, vidole vinashuka na kupanda. Nilidhani ni kutetemeka kwa ugonjwa. Nikasimama nikatazama vizuri, na kwa kuwa nimekaa wiki mbili na huo huo mkono wa kushoto wa wimbo huo huo, nikavisoma vidole kimoja kimoja. Kidole kidogo, cha kati, gumba, kidole kidogo. Alikuwa anacheza wimbo wa kuagana, mistari yote minne kwa mpangilio, kisha anarudi mwanzo. Nilifurahi, kusema kweli. Nilikaa nikamtazama mpaka uji ukapoa.

Jumatatu, 27 Oktoba

"Leo umekosea sana," Mama ameniambia nikiwa bado navua gambuti mlangoni.

"Nani amekwambia?"

"Mkono wake ulikuwa unarudi nyuma. Unaenda kidogo, unarudi. Unaenda, unarudi."

Kutoka kanisani mpaka nyumbani kuna bonde na mashamba matatu ya viazi. Siku kavu mtu akitega sikio anaweza kuisikia kengele. Leo mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka mimi mwenyewe sikuisikia besi yangu. Nikamwambia Mama ameota mchana. Akainua mabega akaendelea kumenya viazi.

Jumapili, 2 Novemba

Mstari wa kwanza ni wangu. Baada ya ibada nilibaki nikaucheza mara tatu bila doa. Mchungaji alipiga makofi akiwa mlangoni na mwavuli wake.

Jumatatu, 3 Novemba

Baba amekataa kushika kikombe. Mkono upo, nguvu zipo, lakini kikombe ukimpa kinaanguka. Tunamlisha kwa kijiko sasa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekaa naye asubuhi yote kwa sababu mafundi wa kalvati wamefunga barabara na wateja hawaji. Mkono wake unacheza mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Nimengoja ule wa kwanza mpaka nikachoka.

Jumanne, 11 Novemba

Mimi ni mtu wa kupima kabla ya kukata. Kwa hiyo leo nimepima.

Nilimpa Mama bakuli la maharagwe na kikombe kitupu. Nikamwambia, kila mkono ukifika mwisho wa mstari na kupumzika, tupa punje moja. Hakuuliza kwa nini. Nikaenda kanisani, nikacheza mstari wa pili mkono wa kushoto peke yake, polepole sana, huku natupa vifungo vyangu. Ili hesabu zisije zikalingana kwa bahati tu, katikati niliacha nikaenda kuchota maji ya mvua nje, nikarudi, nikacheza zaidi, nikaacha tena nikamsalimu mke wa Mchungaji.

Nyumbani nilimwaga vifungo mezani. Ishirini na saba. Nikamwaga maharagwe. Ishirini na saba.

"Alipumzika mara mbili," Mama akasema. "Mara moja kwa muda mrefu."

Nimeyahesabu mara nne. Nimeogopa, na sina wa kumwambia. Maharagwe yale Mama ameyapika jioni, nami sikuweza kuyala.

Jumatano, 12 Novemba

Sikwenda.

Alhamisi, 13 Novemba

Sikwenda. Mkono wake siku nzima ulikuwa unapapasa blanketi kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekwenda. Alitulia mchana, Mama ameniambia, akalala kama mtoto. Kwa hiyo mazoezi ni dawa, nikajiambia. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi, na tope limefika magotini.

Jumanne, 18 Novemba

Mstari wa pili ni wangu. Mara tatu.

Jumatano, 19 Novemba

Akiitwa, hageuzi kichwa tena. Jana asubuhi aligeuza. Mkono unaanzia mstari wa tatu.

Ijumaa, 21 Novemba

Mchungaji amekuja kumwombea. Alikuwa amelowa mpaka soksi. Baada ya amina nilimsindikiza mpaka kwenye ua, nikamwuliza kama mtu anaweza kuchukua kitu cha mwenzake bila kujua.

"Kitu gani, dada?"

"Kitu chochote. Kama kazi yake."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. "Mzee amefanya kazi yake. Sasa wewe umeshika. Hiyo si kuchukua, hiyo ni kurithi. Ama unafikiria nini?"

Nilimwambia sifikirii kitu. Mtu anayeshona mchana kutwa hana muda wa kufikiria. Akaniambia kanisa lote linaongea juu ya Krismasi, hata wazee wa Subuiga watakuja kama barabara itakubali. Ni mtu mwema, yule. Nilikuwa nikimdhania mwenye maneno mengi tu.

Jumapili, 30 Novemba

Mstari wa tatu nimeujua kabla sijataka kuujua. Leo ibadani Mchungaji aliniomba nijaribu wimbo wa kuagana mpaka nitakapofika, watu wamalizie kwa midomo. Beti tatu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mara mstari wa tatu ukatoka sawasawa, vidole vinakwenda vyenyewe na mimi natazama tu. Mstari wa nne nikaondoa mikono na watu wakauimba peke yao. Nilipohesabu mara tatu moyoni, tayari nilikuwa nimechelewa.

Nilikimbia. Nilianguka mara mbili bondeni. Mama alikuwa amekaa pale pale.

"Amefumba macho," akasema. "Tangu watu watoke kanisani."

Anapumua. Anameza akitiliwa maji. Macho hayafunguki. Mkono unacheza mstari mmoja tu, wa nne, tena na tena.

Jumatatu, 1 Desemba

Naandika niyaone kwa macho yangu. Kila mstari unaokuwa wangu unaacha kuwa wake. Umebaki mmoja. Nikiujua huo, baba yangu hatakuwa na kitu cha kucheza.

Sitaujua.

Jumanne, 2 Desemba

Siwezi kuacha kwenda. Nikiacha, mkono unapapasa, nao watu wataanza maswali. Mchungaji yuko pale dirishani na anasikia kama kinanda kinalia au hakilii. Lakini hajui kupambanua sauti ya tenori na ya besi, anajua wimbo tu.

Mstari wa nne una mahali pamoja tu pagumu. Katika wimbo mzima mkono wa kushoto unagusa vibao vyeupe, isipokuwa hapo, ambapo gumba linapaswa kupanda kwenye kibao cheusi kabla ya kutua. Ni noti moja. Ukigusa cheupe badala ya cheusi, hakuna mtu kanisani atakayejua. Basi nimegusa cheupe. Nimegusa cheupe kwa makusudi, mara kumi, mara ishirini, polepole, kwa uangalifu wote wa maagizo yake. Baba aliandika kwamba kosa likirudiwa linakuwa lako. Nalitaka. Nitalimiliki kosa hili, nalo litamshikilia.

Ijumaa, 5 Desemba

Vifungo arobaini. Cheupe, mara arobaini.

Jumamosi, 6 Desemba

Magauni matano ya Krismasi. Anapumua vizuri.

Jumatatu, 8 Desemba

Vifungo hamsini. Mke wa Mchungaji ameniambia ninacheza vizuri sana siku hizi. Nikamshukuru, uso wangu mkavu.

Jumatano, 10 Desemba

Nimemtazama leo na afadhali nisingetazama. Mkono unakwenda mpaka mahali pale, gumba linainuka, linanyoosha mbele kutafuta kibao cheusi, halafu kitu kama kinalivuta chini. Linaanguka. Mkono unarudi mwanzo wa mstari. Haupumziki tena mwisho kama zamani, kwa sababu mwisho haufiki. Asubuhi mpaka jioni. Ngozi ya gumba imechubuka kwa kusugua blanketi. Mama ameufunga kwa kitambaa cha pamba, na kitambaa chenyewe kimelowa damu kidogo.

Alhamisi, 11 Desemba

Mama alinifuata jikoni akafunga mlango. Nilikuwa nachochea moto. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mbele yangu kile kitambaa cha mkono wa Baba, kimekauka na kuwa kigumu.

"Mwache amalize," akasema.

Nikamwambia simwelewi.

"Mimi nimelala kando ya mkono huo miaka arobaini na mmoja. Huo wimbo aliutungia mgongoni mwangu, kwa vidole, kabla hajaupeleka kanisani. Najua ukiisha unaishaje. Wewe huuachi uishe."

"Mama, ukiisha..."

"Najua."

"Kama unajua mbona unaniambia!" Nilimpigia kelele mama yangu, jambo ambalo sijawahi kufanya. Nilimwambia mtu huyu hakunitaka kwenye kiti kile nilipokuwa mdogo, na sasa ambapo nimekikalia ndipo natakiwa nimwondoe duniani kwa hicho hicho. Nilimwambia simwachi, sijawahi kupata kitu chochote kutoka kwake ila hiki, kwamba mkono wake unanifuata ninapokwenda.

Mama hakunikemea. Alichukua kitambaa akakitia kwenye maji ya moto.

"Analia," akasema. "Huoni kwa sababu unakuja jioni. Mchana, macho yakiwa yamefumbwa, machozi yanatoka. Yuko mlangoni na wewe umeshika mlango. Gatakaa, mimi pia simtaki aende. Lakini si hivi."

Nililia mpaka moto ukazimika.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimekwenda nikacheza mstari wa nne kama ulivyoandikwa. Gumba likagusa cheupe.

Nikarudia. Cheupe.

Nikaliambia gumba kwa sauti, mbele ya mabenchi matupu: cheusi. Nikacheza. Cheupe. Halikuwa limesahau. Linajua, na linajua kile nilicholifundisha.

Jumamosi, 13 Desemba

Cheupe.

Jumapili, 14 Desemba

Cheupe. Mchungaji amesema kwenye matangazo kwamba Krismasi tutafunga kwa wimbo wa Riungu mzima, na Dada Gatakaa. Watu wakasema amina. Mama alibaki nyumbani na Baba.

Jumatatu, 15 Desemba

Baba amepungua. Mbavu zake naweza kuzihesabu juu ya shuka. Mkono ndio pekee usiopungua, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Mimi ndiye niliyemweka pale. Nilidhani namfungia mauti nje, kumbe nimemfungia yeye ndani.

Jumanne, 16 Desemba

Nimerudi kwenye maagizo yake, nimeyasoma kama mtu ambaye hajawahi kuyasoma. Usicheze wimbo, cheza mstari. Lakini mstari wenyewe umeoza. Basi sichezi hata mstari. Nimechukua noti mbili tu, ile ya kabla na ile nyeusi. Nimefunga uzi mwekundu kwenye kibao cheusi ili jicho lisaidie kidole. Nacheza polepole kiasi kwamba kati ya noti na noti naweza kuvuta pumzi. Kumi sawa, kisha nainuka nikiwa bado nataka kukaa. Nazunguka kanisa mara moja, narudi. Kumi tena.

Sikuthubutu kugusa noti ya tatu.

Jumatano, 17 Desemba

Noti mbili. Mama anasema mkono leo haukurudi mwanzo. Ulikaa mahali pamoja, gumba linapanda na kushuka, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu.

Ijumaa, 19 Desemba

Noti tatu. Mvua imebeba daraja la miti la chini.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeharakisha kidogo tu, kwa majivuno, na cheupe kikaja. Nikarudi kwenye noti mbili. Kosa halijafa, limelala tu, na linanisikiliza mwendo wangu.

Jumatatu, 22 Desemba

Nusu ya mstari. Kitambaa cha mkono leo kilikuwa safi.

Jumatano, 24 Desemba

Mstari wote, mara mbili sawasawa. Vifungo viwili kwenye kifuniko. Niliinua mikono kwa mara ya tatu nikaishusha mapajani. Uzi mwekundu nikaufungua. Nikafunga kinanda nikaja nyumbani.

Nilikaa na Baba. Sikumbuki lini niliwahi kukaa naye bila kazi mkononi. Nikaweka mkono wangu chini ya wake, kiganja juu, akawa anauchezea wimbo kiganjani mwangu. Nikamwambia kesho. Nikamwambia pia kwamba nilimkasirikia miaka mingi na kwamba sasa imetosha. Mama alikuwa mlangoni, akageuka akaenda kuwafungia kuku.

Alhamisi, 25 Desemba

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama mvuani chini ya miavuli na magunia. Mabati yalikuwa yananguruma. Nilicheza nyimbo nyingine, sijui nilizichezaje. Kisha Mchungaji akanigeukia.

"Sasa tuende na wimbo ya mzee wetu," akasema. "Yote."

Nilianza. Mistari mitatu ilikuja yenyewe, kwa maana ni yangu. Ubeti wa kwanza, mstari wa nne: gumba likapanda, likagusa cheusi. Nikasikia ile noti, ambayo tangu Septemba kanisa hili halijaisikia, na wazee wa mbele wakainua vichwa. Kumbe walikuwa wanaijua. Miaka yote wanaijua. Ubeti wa pili: cheusi. Ubeti wa tatu nilitaka kuondoa mikono. Ningeweza. Watu wangemalizia kwa midomo kama siku ile na hakuna ambaye angenilaumu. Nilikanyaga pedali na nikacheza mstari wa nne mpaka mwisho, na nilipofika kwenye noti ya mwisho nikaishikilia mpaka upepo wote ukaisha ndani ya kinanda.

Sikukimbia safari hii. Nilitembea. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kile kitambaa kimekunjwa mkononi mwake.

"Alicheza mara tatu," akasema. "Ya tatu alipomaliza, akainua mkono juu hivi. Akauweka kwenye goti lake. Kama vile alivyokuwa akifanya kanisani, akingoja watu watoke."

Mkono ulikuwa bado kwenye goti nilipoingia. Nilikaa karibu nao nikalia, na Mama akakaa upande wa pili, na hakuna aliyetuharakisha.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Tumemzika jana. Kaburi lilijaa maji tukayachota kwa ndoo mara tatu. Munene alifika Jumapili, ametembea kutoka Ruiri magari yaliposhindwa. Nilicheza mimi.

Jumanne, 6 Januari

Munene anarudi Maua kesho. Leo ameniomba twende kanisani. Kimeru chake siku hizi kimejaa Kiswahili cha stendi, na aliketi kwenye kile kiti kama mgeni, kofia mkononi.

"Sista, nionyeshe ile ya mzee. Si nikae hata na hiyo moja tu."

Nilimwambia aanze na mkono wa kushoto. Ameshika upesi, vidole vyake vinakumbuka zaidi yake. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akasita.

"Hapa ndipo alikuwa ananikatia," akasema. "Laini ya nne hakuwahi nipatia. Namwuliza, ananiambia mwaka ujao. Nikimaliza shule namwuliza, mwaka ujao. Mpaka nikaenda zangu. Hata kwa hiyo daftari haikuwa. Alikuwa nayo kwa kichwa."

Nikamwonyesha karatasi ya mwisho, yenye herufi za bluu. Akaitazama sana.

"Hii sijawahi kuiona."

Nilimwacha pale nikaja nyumbani kwa Mama. Alikuwa anachambua viazi vilivyooza. Nikamwekea karatasi mapajani, nikamwuliza kama anaijua, yeye asiyesoma do wala re.

"Ah," akasema. "Wiki ile ametoka hospitali. Alikuwa ananyoosha kidole dirishani, kwenye vitu vyako vya kushona, mpaka nikachoka. Nikampa ile penseli yako ya bluu. Akaandika kwa mkono wa kushoto siku mbili nzima. Alipomaliza akanionyesha kitanda chako. Nikamwuliza, ni ya Gatakaa? Akafumba macho hivi, ndiyo. Nikaitia kwenye daftari. Ndiyo maana nikasimama siku ile kanisani."

Alijua, basi. Alijua mstari huo unafanya nini ukitoka kwa mtu, akamnyima Munene miaka yote, na alipojiona ameanguka akauandika kwa mkono uliobaki, akanipa mimi. Sijui kama ni zawadi au ni mzigo. Nimelia kwa yote mawili.

Munene alirudi jioni akauliza habari ya laini ya nne. Nikamtazama kaka yangu, mvi zimeanza masikioni, miraa imemharibu meno, na bado nampenda. Nikamwambia mwaka ujao.

Karatasi nimeikunja nne, nikaishona ndani ya bitana ya koti langu la Jumapili, upande wa kushoto, kwa mishono midogo sana.